Ndama wa Mama Fransisi

Makatekista wenzangu mlio bado kazini, mmenitaka niandike niliyoyaona katika kazi hii, na mkaongeza kwamba yawe yenye mafundisho. Mafundisho mnayo ya kutosha vitabuni, tena yamepangwa kwa namba. Mimi nitaandika yaliyotokea. Habari za kupanda cheo nitaziruka, kwa kuwa katekista hana ngazi ya kupanda isipokuwa ile ya kurudishia bati lililong'olewa na upepo. Habari za mshahara nazo nitaziacha, kama zenyewe zilivyoniacha mapema.

Nilifika kigangoni, upande wa Ihanja, nikiwa kijana mwenye baiskeli na maneno mengi. Nilikuja kumsaidia katekista mzee tuliyemwita Mwalimu Paulo. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi. Alinitazama miguu.

"Viatu hivyo ni vya mjini," akasema. "Vitunze. Utaoa navyo."

Kisha akanionyesha vyombo vya kazi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, na kipande cha chuma cha kuigongea alilala nacho ndani, kwa sababu watoto wangekiona wangegonga, na watu wangekuja kusali Jumatano. Kulikuwa na ubao mweusi uliopasuka katikati, na picha za kufundishia ambazo mchwa walikwisha kumla Farao na nusu ya jeshi lake. Mwalimu Paulo alisema mchwa wale walikuwa Wakatoliki wazuri.

Mambo aliyonifundisha mzee yule sikuyasikia chuoni. Aliniambia nisimwulize swali kijana aliyetoka kuchunga kabla hajanywa maji. Aliniambia nisifundishe baada ya chakula, maana nitafundisha usingizi. Na akaniambia hivi: "Kijana akikuuliza kama Adamu alikuwa na kitovu, mpe ufagio." Nimetumia ufagio huo miaka yangu yote ya kazi, na makanisa niliyohudumia yalikuwa safi.

Darasa gumu kuliko yote lilikuwa la vijana wa Kipaimara. Enzi hizo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na Jumamosi asubuhi kila mwenye mikono alikuwa shamba la kijiji. Darasa langu lilianza mchana, wakitoka huko. Unaeleza mapaji saba ya Roho Mtakatifu, ukifika la tatu wavulana wameshainamisha vichwa na wasichana wanasukana nywele. Nilikwenda kumlalamikia Mwalimu Paulo, ambaye wakati huo macho yalikuwa yamefifia na alishinda ameketi mlangoni kwake.

"Mtu aliyelima hasikii kitu," akasema. "Mwache acheze. Akicheza mwenyewe hawezi kulala."

Ndivyo tulivyoanza michezo ya kuigiza. Wa kwanza ulikuwa wa Krismasi, nao ulikwenda vizuri, isipokuwa malaika Gabrieli alichapwa na mama yake mbele ya watu kwa kuvaa khanga mpya bila ruhusa. Vijana waliupenda sana mchezo ule, na nadhani walipenda zaidi sehemu ya khanga. Baada ya hapo hawakuacha kuniuliza tutacheza nini tena.

Nikachagua mfano wa Mwana Mpotevu, yule aliyetapanya urithi wake ugenini akaishia kulisha nguruwe. Mwenyekiti wa kijiji naye alifurahi, kwa kuwa vijana walikuwa wakitoroka shamba la kijiji na kukimbilia Singida mjini kubeba magunia kwenye maduka ya Wahindi. Alitaka wamwone mwenzao aliyetoroka akila pumba. Akatupa uwanja wa mbele ya ghala la kijiji, na akaahidi kuja mwenyewe.

Baba wa mchezo alikuwa Yosefu, kijana mrefu mwenye sauti nzito na ndevu za katani zilizomwasha kiasi kwamba alijikuna katika kila sentensi. Mwana mdogo, yaani mpotevu mwenyewe, alikuwa Benedikto, ambaye hakuhitaji mazoezi. Kaka mkubwa, yule aliyebaki nyumbani akilima, alikuwa Fransisi. Huyu alikuwa kijana wa maneno machache, mtoto wa pekee wa mjane. Ramadhani, jirani yetu Mwislamu na mpiga ngoma hodari, aliomba kushiriki. Baba yake akakubali kwa sharti moja, kwamba mwanawe asikae upande wa nguruwe. Nguruwe wenyewe walikuwa watoto wadogo wa darasa la Komunyo, ambao hawajawahi kumwona nguruwe. Niliwafundisha kukoroma nikachoka. Walikuwa wakianza vizuri, lakini wakisahau tu wanalia kama mbuzi.

Kikabaki kitu kimoja, ndama aliyenona. Nilitaka kumvika mtoto gunia, Yosefu akakataa.

"Mwalimu, hawa ni watu wa ng'ombe," akasema. "Ukiwaletea mtu ndani ya gunia ukasema ni ndama, hawatakuamini hata ukisema Mungu yupo."

Lakini mvua zilikuwa zimetukosa mwaka uliopita, na kijiji kizima hakikuwa na ndama wa kustahili neno hilo ila mmoja. Alikuwa wa Mama Fransisi. Ukame ulikuwa umemaliza zizi la mama yule, na ng'ombe wake wa mwisho alipokufa alimwachia ndama jike mchanga. Mama akamlea kwa uji na kwa majani aliyoyakata kwa mkono, mpaka akang'aa. Nilikwenda kumwomba, na Fransisi akiwa amesimama nyuma yangu akitazama chini.

"Mwalimu," akasema mama, "unamwona huyu kama ndama. Huyu ni zizi zima. Humo ndimo yatakamotoka maziwa, na mahari ya huyo aliyesimama nyuma yako."

"Atasimama tu watu wamwone, mama, kisha arudi."

"Basi kamba aishike Fransisi mwenyewe," akasema. Nikakubali.

Sasa nimlete Mzee Hango. Huyu alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema, mwenye sauti ya kusikika mpaka kijiji cha pili na mapenzi makubwa ya kuitumia. Alihudhuria mazoezi yetu mara moja, akatikisa kichwa. "Wakati huu wa palizi," akaniambia, "nani ataacha shamba aje kutazama watoto wakisema? Niachie mimi matangazo." Nikamwachia. Alizunguka nyumba kwa nyumba na kuvuka mpaka vijiji vya jirani, na kwa kuwa alijua watu wanapenda nini, hakuhangaika na habari za toba. Alitangaza lile tamu peke yake: Jumapili, mbele ya ghala, baba amefurahi, anachinja ndama aliyenona, watu wote wanaalikwa.

Huku kwetu mtu akitangaza kuchinja, ametangaza. Hiyo si salamu. Kuna watu walioacha kula Jumamosi.

Jumapili ile baada ya Misa niliona kina mama wanakuja na sufuria vichwani. Nikadhani wanapita. Wakaja wengine na unga wa mtama, na mlenda, na vibuyu vya togwa. Wakaja wazee wa kijiji cha pili na vigoda vyao. Wanaume wakashusha kuni ubavuni mwa ghala. Padre, ambaye alikuja kwa pikipiki na alikuwa bado anajifunza mambo ya huku, alizitazama kuni akaniuliza kama katika Injili hii kuna moto mahali fulani. Nikamwambia sijui, na kwa kweli sikujua.

Nilielewa nilipomwona Mzee Rajabu. Mzee Rajabu ndiye aliyechinja katika shughuli zote za kijiji, za Wakristo na za Waislamu, ili kila mtu ale bila shaka moyoni. Alikuja na kanzu safi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa nije. Ndama yuko wapi nimwone kabla jua halijapanda?"

Nilimtafuta Mzee Hango nikampata anawapanga watu mistari, watoto mbele.

"Mzee Hango, umewaambia nini watu hawa?"

"Yaliyoandikwa," akasema. "Kwani mwalimu, si yameandikwa?"

"Yameandikwa, lakini ni mchezo!"

Akanitazama, akautazama umati, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akasema kwa sauti ndogo. "Waambie wewe, basi. Mimi nina watoto."

Niliutazama umati ule. Watu walikuwa wamekonda kwa njaa ya mwaka mzima, nao walikuwa wamechangamka kuliko nilivyowahi kuwaona. Nikafungua mdomo niwaambie. Ramadhani akadhani nimempa ishara, akapiga ngoma, na mchezo ukaanza.

Yosefu akaigawa mali yake. Tulitumia fimbo kama hesabu ya mifugo. Akampa Benedikto fungu lake, naye akaondoka akipiga mluzi. Wazee mbele wakaanza kunung'unika. "Baba hajafa, mtoto anadai urithi?" mmoja akasema. "Na baba anatoa!" akajibu mwenzake. Wakamtazama Yosefu kwa dharau ya kweli, na maskini kijana akazidi kujikuna. Nguruwe wakaja, wakakoroma kidogo, kisha wakalia mee. Mwenyekiti wa kijiji akapiga makofi peke yake Benedikto alipokula pumba. Hakuna mwingine aliyejali. Watu walikuwa wanatazama kona ya ghala.

Benedikto akarudi, akaanguka miguuni. Yosefu akamkumbatia, akainua mikono, akasema kwa sauti yake nzito maneno tuliyoyafanyia mazoezi wiki nzima, kwamba ndama aletwe achinjwe, watu wapate kula na kufurahi.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena, hata harusini kwangu. Ndama akatolewa. Fransisi alitakiwa abaki nyuma ya ghala, maana kaka mkubwa huja mwisho akitoka shambani, kwa hiyo kamba alikuwa ameshikishwa mmoja wa nguruwe. Vijana wawili wasio wa darasa langu wakaruka wakamkamata ndama miguu. Mzee Rajabu akasimama, akakunja mikono ya kanzu, akauliza kibla kiko upande gani. Upande wa wanawake nikamwona Mama Fransisi amesimama, mkono mdomoni, machozi yanamtoka, wala hasemi. Angesema nini mbele ya wageni wa vijiji viwili walioalikwa kula? Angeitwa mchoyo mpaka kaburini. Nami nilisimama pale kama nguzo ya rimu.

Ndipo Fransisi akatoka nyuma ya ghala na jembe begani, kabla ya zamu yake. Hakukimbia. Akasimama kati ya Mzee Rajabu na ndama.

"Baba, shikamoo," akamwambia Yosefu.

"Marahaba, mwanangu," akasema Yosefu, akinitazama mimi.

"Huyu ndama ni wa nani?"

Neno hilo halikuwamo katika mazoezi. Yosefu akajikuna. "Wangu."

"Mali si uligawa juzi, watu wote wakiona? Mdogo wangu akachukua fungu lake akaenda kulila. Kilichobaki zizini ni cha nani?"

Yosefu akanitazama, nami nikamtazama Padre, na Padre akawa anapekua Injili haraka haraka. Akapata, akaitikia kwa kichwa polepole. Imo. Baba yule mwenyewe anakiri kwamba vyote vilivyobaki ni vya mkubwa.

Hapo akasimama Mzee Mghenyi. Huyu alikuwa akiamua kesi za ng'ombe tangu kabla ya Uhuru, na kwa mzee wa namna hiyo hakuna mchezo panapotajwa zizi.

"Rajabu, keti," akasema. "Hapa pana kesi."

Mzee Rajabu akaketi, kisu mapajani. Wazee wakavuta vigoda vyao mbele, wakamwita Yosefu asimame katikati. Kijana akawaamkia wote, shikamooni wazee, wakamkemea.

"Leo wewe ni mzee mwenzetu, una ndevu. Usituamkie. Jibu. Uligawa?"

"Niligawa."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya... hawa wote."

"Mkubwa ulimwuliza kabla ya kuita mchinjaji?"

Yosefu akasema kwa unyonge kwamba katika kitabu haikuandikwa amwulize. Mzee Mghenyi akasema ndiyo sababu mkubwa wa kwenye kitabu alikasirika. Wakainamiana, wakazungumza Kinyaturu kwa chinichini, na hukumu ikatoka. Ndama ni wa mkubwa, haguswi. Mpotevu apokewe, kwa kuwa mtoto akirudi hafukuzwi. Lakini baba amkaribishe kwa kilicho chake.

"Una nini?" wakamwuliza.

"Sina kitu, wazee. Hata ndevu ni za kanisa."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha njaa hakidumu. Mama mmoja akainua sufuria yake tupu akauliza kwa sauti, "Na sisi tulioitwa?" Nami nikaona vijana wale wawili bado hawajaiachia miguu ya ndama.

"Mlioitwa mtakula," akasema Mzee Mghenyi. "Nani aliwaita?"

Umati mzima ukageuka kwa pamoja. Mzee Hango alikuwa amekwisha kuanza kurudi nyuma.

"Mimi nilitangaza Injili!" akapiga kelele.

"Ulitangaza nyama," akasema Mzee Mghenyi. "Aliyetangaza ndiye mwenye shughuli. Kule kwako kuna beberu mweusi, anaisumbua mihogo ya watu tangu mwaka juzi. Kesi zake ninazo tatu hapa kichwani. Niziamue leo zote?"

Mzee Hango akafikiri kwa muda mfupi. Beberu akaletwa. Mzee Rajabu akapata kazi yake hatimaye, moto ukawashwa, na Padre akaniambia amefurahi kujua maana ya zile kuni.

Wengi wenu mliosikia kisa hiki mmekisikia mpaka hapo, kwenye beberu, maana hapo ndipo watu huishia wakishika mbavu. Mimi nilikuwapo kilipoendelea.

Nyama ilipoiva na ugali ukasongwa, watu wakaketi makundi makundi. Nikamtafuta Fransisi, hayupo. Nikamwona mbali, nje ya mistari ya nyumba, anaondoka na ndama wake. Mama yake alikuwa ameketi na wanawake wenzake, amepakuliwa, lakini hakuwa ameonja. Nilitaka kumfuata kijana, kisha nikaona Yosefu ameshatangulia, ndevu zake za katani zikining'inia sikio moja. Nikawafuata nyuma.

"Njoo ule," Yosefu akamwambia.

"Sitaki." Fransisi hakugeuka. "Mlikuwa mnamla. Wote mlipiga vigelegele, na mnajua mama yangu ana nini na hana nini. Hata wewe, Yosefu. Mzee Rajabu angesema shika, ungemshika miguu."

Nilimwona Yosefu anatafuta la kusema. Katika mchezo tulimwandalia maneno mazuri ya mahali hapa, baba anapomtokea mkubwa nje na kumbembeleza. Alikuwa anayajua vizuri kuliko mimi. Hakuyasema.

"Ningemshika," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Fransisi akageuka akamtazama. Ndama akaanza kula majani kati yao.

"Sasa nakuomba uje," akasema Yosefu. "Usipokuja, na mimi siwezi kula. Na mama yako hali."

Ninyi mnajua kwamba Injili haisemi kama yule kaka mkubwa aliingia. Baba anambembeleza, na habari inakwisha hapo nje. Watu wengi wameniuliza maana yake, na nimewajibu kwa maneno ya vitabuni. Lakini Fransisi aliingia. Alirudi na ndama wake, akapita naye katikati ya watu, na Padre mwenyewe akasogeza kigoda kuwapisha. Hakuna aliyecheka. Mama yake akamsogezea bakuli, naye akaketi karibu na wale vijana wawili waliokuwa wameshika miguu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Wakamkatia kipande kizuri. Akakipokea, akasema asante.

Nimefundisha mfano ule miaka mingi tangu siku hiyo, na kila nikifika kwa kaka mkubwa aliyesimama nje, namwona Fransisi anavyokula na kijiji chake: mkono wa kulia unamega ugali, na wa kushoto umeshika kamba.